Itanifikisha? Mbio za saa 24 za pikipiki za stima, na vilima vya Embu na Meru

Ndugu msomaji, leo tuweke kando mambo ya simu na kompyuta, tuzungumze juu ya betri. Si ile ya mfukoni. Nazungumzia betri ya kilo ishirini au zaidi, ile inayosukuma pikipiki, mwenye pikipiki, abiria wake na mkungu wa ndizi juu ya mlima.

Anayeijua barabara ya Embu kwenda Meru anajua kwamba si ya tambarare. Mlima Kenya umetandaza vidole vyake kuelekea mto Tana, na barabara inavuka kidole kimoja baada ya kingine. Unatoka Embu, unapita Runyenjes, unateremka Thuci, unapanda hadi Chuka, unateremka Nithi, unapanda tena kuelekea Chogoria, kisha Igoji na Nkubu, ndipo uione Meru. Kila bonde lina mto wake, na kila mto una mteremko kabla yake na mlima baada yake. Ukiacha lami ukaingia njia za vumbi za kwenda mashamba ya chai juu, au za kwenda Siakago na Kiritiri chini, mambo ni yale yale, ila bila lami.

Basi mwendesha boda boda wa huku akiletewa habari za pikipiki ya stima, hana haja ya kuelezwa juu ya hewa safi wala mabadiliko ya tabianchi. Swali lake ni moja: itanifikisha? Na ikizimika bondeni, nani atanitoa?

Swali hilo lina historia, na historia yake ni ya mbio. Nitakayosema leo ni haya: mbio za masafa marefu haziamuliwi na chombo peke yake. Huamuliwa zaidi na kile kinachokingoja chombo kando ya njia, na na mtu anayekimiliki. Walioshindana kwa pikipiki za kwanza za stima waligundua jambo hili mwaka 2009. Madereva wa Safari Rally walilijua zamani. Sasa ni zamu ya watu wa boda boda.

Tuanze nyumbani. Mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yaliandaliwa mashindano ya magari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, yakaitwa Coronation Safari. Mwaka 1960 yakawa East African Safari, na mwaka 1974 yakabaki na jina la Safari Rally. Kwa miaka mingi njia yake ilizunguka Mlima Kenya ikipita Embu na Meru, tena siku za Pasaka, wakati masika yameanza na udongo mwekundu umegeuka sabuni. Barabara hazikufungwa. Dereva wa mashindano alikutana na ng'ombe, malori na watu wa sokoni kama mtu mwingine yeyote.

Mwaka 1963 magari 84 yalianza na 7 tu yakamaliza. Mwaka 1968 yakaanza 93, na tena yakamaliza 7. Ukitazama takwimu hizo utadhani ni hadithi ya magari mabovu. Sivyo. Mengi yalikuwa magari mazuri kutoka viwanda vikubwa vya Ulaya na Japani. Tofauti ilikuwa nani anajua mahali pa kukwama, nani ana mafundi walio mahali panapofaa kwa saa inayofaa, na nani anajua kutengeneza chombo chake mwenyewe. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho na fundi kwa kazi yake, alishinda mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwisha kutumiwa na kiwanda mwaka uliotangulia. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Mtu aliyekuwa na spana mkononi aliwashinda waliokuja na ndege.

Meru ina mbio zake nyingine ambazo hazina bendera wala kombe. Miraa ikichumwa Nyambene ina muda wa siku mbili hivi kabla nguvu na bei yake hazijaanguka. Kwa hiyo kwa miongo mingi pikapu za Hilux zimekuwa zikitoka Maua kwa kasi ya kutisha kuelekea viwanja vya ndege vya Nairobi, zaidi ya kilomita 250. Mbio hizi zimegharimu maisha ya watu wengi barabarani, na sizisifu. Ninazitaja kwa sababu zinaonyesha kwamba upande huu wa mlima, mbio za kushindana na saa ni kazi ya kila siku. Si michezo ya wikendi.

Sasa tuvuke bahari, lakini tubaki na wazo hilo hilo la saa na masafa.

Mwaka 2006 huko Santa Cruz, California, mhandisi aitwaye Neal Saiki, aliyewahi kufanya kazi na NASA, alianzisha kampuni ndogo ya pikipiki za stima. Jina lake la kwanza lilikuwa Electricross. Baadaye ikaitwa Zero Motorcycles. Pikipiki yake ya kwanza kuuzwa ilikuwa Zero X, ya motokrosi, yaani ya kurukia vilima vya vumbi. Kwa nini aanze na pikipiki ya vumbi na si ya barabarani? Kwa sababu betri za wakati huo zilikuwa ndogo, na mtu wa motokrosi haendi mbali. Anazunguka uwanjani, anarudi, anapumzika. Pia pikipiki isiyoingia barabarani haihitaji taa, namba wala vibali vingi. Ilikuwa njia ya busara ya kuingia sokoni na betri ndogo.

Zero X ilikuwa nyepesi ajabu, chini ya kilo 70 pamoja na betri. Betri yenyewe ilikuwa ya lithiamu, uzito kama kilo 20, na ilibeba kilowati-saa 2 hivi. Ili uelewe udogo wa kiasi hicho, lita moja ya petroli ina nishati ya karibu kilowati-saa 9. Betri nzima ya Zero X basi ilikuwa sawa na petroli ya kujaza kikombe cha chai. Kilichoiokoa ni kwamba injini ya petroli hupoteza robo tatu ya nishati yake kama joto, ilhali mota ya stima hutumia sehemu kubwa ya inachopewa. Kwa hesabu hiyo kikombe kile kinafanya kazi ya karibu lita moja ya petroli. Hata hivyo, ni lita moja tu. Kuijaza tena kulichukua saa mbili hivi.

Mota yake nayo ina kisa. Ilitoka kampuni ya Agni ya India, na mbunifu wake alikuwa Cedric Lynch, Mwingereza aliyejifunza uhandisi mwenyewe bila chuo. Mota yake ya kwanza aliitengeneza mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa bati la mikebe. Ndugu zetu wa jua kali wa Embu na Meru hawatashangaa kusikia hivyo. Ilikuwa mota ya brashi za kaboni, nyepesi na yenye nguvu, lakini ukiikamua sana inapata joto na brashi zinalika. Baadaye Zero walihamia mota zisizo na brashi, kama karibu kila kampuni ya leo.

Watu wakaanza kucheka. Pikipiki ya kikombe cha chai! Jibu la Zero lilikuwa kuandaa mbio za saa 24. Tarehe 4 Aprili 2009, katika uwanja wa motokrosi wa San Jose, timu zilipanga mstari zikiwa na Zero X zile zile, zikaendesha mchana kutwa na usiku kucha. Mbio zikaitwa 24 Hours of Electricross. Hazikuwa na moshi, na kelele zilikuwa za mnyororo, matairi na watu.

Timu ya HotChalk ndiyo iliyoshinda, ikiwa imekwenda mizunguko zaidi ya 1,000, jumla yake zaidi ya maili 500, yaani karibu kilomita 800. Gawanya kwa saa 24 utapata wastani wa kilomita 33 hivi kwa saa. Si mwendo wa kutisha. Lakini kumbuka ni juu ya vumbi, vilima na miruko, na muda wote wa kusimama umo ndani ya hesabu. Kumbuka pia kwamba betri ya Zero X ingeisha mara nyingi sana katika muda huo. Kilomita 800 zingewezekanaje?

Kwa kubadilisha betri. Betri ya Zero X ilitolewa kwa urahisi ikawekwa nyingine. Pikipiki ilirudi kwa mafundi, iliyochoka ikatolewa, iliyojaa ikaingia, na mwendeshaji mwingine akapanda. Hapo ndipo mbio zilipokuwa hasa: mezani, kwenye chaja na orodha ya betri, kuliko kwenye vilima.

Hebu tufanye hesabu, maana sisi tunaoandika programu hatuwezi kujizuia. Tuseme betri moja inadumu dakika 40 uwanjani, na kuijaza ni dakika 120. Ili pikipiki moja isisimame kamwe unahitaji betri ngapi?

Idadi ya betri = (muda wa kazi + muda wa kuchaji) ÷ muda wa kazi

Yaani (40 + 120) ÷ 40 = 4. Betri moja imo kwenye pikipiki, tatu ziko mezani zikinywa stima. Ukiwa na tatu tu, kutakuwa na wakati pikipiki imesimama, mwendeshaji amekaa, na mshindani wako anazunguka. Mwendeshaji akiwa na pupa, akaikamua betri ikaisha kwa dakika 30, sasa unahitaji (30 + 120) ÷ 30 = 5. Mwendo wa haraka umekula betri nzima. Kwa hiyo katika mbio kama hizi aliyefungua mshiko wote si lazima ashinde. Anashinda yule ambaye mwendo wake na chaja zake vinakubaliana.

Linganisha na tukio jingine la mwaka huo huo. Tarehe 12 Juni 2009, kisiwani Isle of Man, zilifanyika mbio za kwanza za TTXGP kwa pikipiki za stima za barabarani. Mshindi alikuwa Rob Barber wa timu ya Agni, kwa mota za familia ile ile ya Lynch, na wastani wake ulikuwa maili 87.4 kwa saa, kilomita 140 hivi. Kasi nzuri kabisa. Lakini mbio zote zilikuwa mzunguko mmoja tu wa kilomita 60. Betri iliamua urefu wa mbio.

Michezo mikubwa ilifuata njia hiyo ya pili, ya kasi na muda mfupi. Mashindano ya MotoE yalianza mwaka 2019. Miezi michache kabla yake, moto uliozuka katika majaribio ya Jerez, Uhispania, uliteketeza pikipiki zao zote. Walijikusanya, wakatengenezewa nyingine, wakaendelea, lakini mbio zao zilikuwa za mizunguko michache tu, na zilisimamishwa baada ya msimu wa 2025. Watazamaji hawakujaa.

Njia ya San Jose, ile ya kubadilisha betri ili chombo kisisimame, haikuwa na televisheni wala wadhamini wakubwa. Lakini ndiyo iliyokuja kuishi Afrika Mashariki. Kampuni ya Ampersand ilianza biashara ya kubadilisha betri za pikipiki za taxi mjini Kigali mwaka 2019, ikaingia Kenya mwaka 2022. Spiro nayo ikafuata kwa mtindo huo huo. Mwendesha boda boda anafika kituoni, anatoa betri iliyoisha, anaweka iliyojaa, anaondoka kabla abiria hajachoka kusubiri. Ni meza ile ile ya San Jose, ila mbio hazina saa ya kuisha.

Roam ya Nairobi ilichukua njia tofauti kidogo. Ilianzishwa mwaka 2017 kwa jina la Opibus na vijana kutoka Uswidi, ikaanza kwa kugeuza magari ya safari ya dizeli kuwa ya stima, na mwaka 2022 ikawa Roam. Pikipiki yake ya Roam Air ina betri ya kilowati-saa 3.24, inaweza kubeba mbili, na mwenyewe anaweza kuitoa akaichaji nyumbani kwake. Mwishoni mwa Septemba 2024 pikipiki hiyo ilitoka Nairobi kwenda Stellenbosch, Afrika Kusini, katika jaribio la pamoja na Chuo Kikuu cha Stellenbosch. Ilikwenda kilomita 6,000 kwa siku 17, kwa nguvu za jua. Iliwezekanaje? Gari lilitangulia mbele, likasimama, likatandaza paneli za sola, betri zikajazwa, pikipiki ikafika, wakabadilisha, wakaendelea. Ukiitazama kwa makini utaona Safari Rally na San Jose zimeoana: kituo cha mafundi kinachotembea.

Hiyo ni wastani wa kilomita 350 hivi kwa siku. Basi swali la kama pikipiki ya stima inaweza masafa limejibiwa. Inaweza, kama betri iliyojaa inakungoja. Sasa turudi mabondeni kwetu tuone maana yake.

Kwanza vilima. Tuseme pikipiki, mwendeshaji na abiria kwa pamoja ni kilo 250. Kupanda mita 100 kwenda juu, mbali na kwenda mbele, kunahitaji kilowati-saa 0.07 hivi, na ukihesabu upotevu ni karibu 0.085. Kwa betri ya kilowati-saa 3.24, kila mita 100 za kupanda zinakula kama asilimia 2.6. Ukipanda jumla ya mita 500, umetoa asilimia 13 kabla ya kuhesabu umbali wenyewe. Kwa betri ndogo ya Zero X ya mwaka 2009 ingekuwa zaidi ya asilimia 20.

Mteremko hurudisha kidogo, kwa sababu mota inaweza kugeuzwa jenereta ikachaji betri huku ikisaidia breki. Nasema kidogo, kwa kuwa hairudishi yote. Tena kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi: ukibadilisha betri juu ya kilima na kuanza kuteremka nayo ikiwa imejaa, saketi inayoilinda itakataa kupokea zaidi. Mteremko wako wa kwanza umekwenda bure, na breki zako zinafanya kazi peke yake. Mwenye kupanga vituo katika nchi ya mabonde angejua hili. Kituo kikae mahali mtu anapotaka kuanza kupanda, si kileleni.

Kwa upande mwingine, urefu wa nchi hauisumbui mota. Injini ya petroli hupungukiwa na pumzi kadiri unavyopanda, na katika mita 1,500 za Meru imeshapoteza sehemu ya nguvu zake. Mota ya stima haihitaji hewa.

Pili, idadi ya betri. Tumia ile hesabu yetu. Tuseme kijiwe kina pikipiki 30, betri inadumu saa 3 za kazi na kuchajiwa saa 4. (3 + 4) ÷ 3 ni betri 2.33 kwa kila pikipiki, jumla betri 70. Sasa weka vilima, betri idumu saa 2 badala ya 3. (2 + 4) ÷ 2 ni betri 3 kwa kila pikipiki, jumla 90. Vilima vimedai betri 20 zaidi kwa watu wale wale 30. Mwenye kampuni akifanya hesabu ya Nairobi akaileta Chuka bila kuibadilisha, jioni kutakuwa na foleni ya watu na chaja tupu. Na foleni kwa mtu wa boda boda ni pesa ya chakula.

Bei ya stima yenyewe si tatizo kubwa. Mwaka 2023 mdhibiti wa kawi aliweka bei maalumu ya kuchaji vyombo vya usafiri: shilingi 16 kwa kilowati-saa, na shilingi 8 usiku, kabla ya tozo na kodi. Kilowati-saa 3 za usiku basi ni shilingi 24 na tozo juu yake, na zinaweza kukupeleka kilomita 70 hivi mahali pa tambarare. Umbali huo kwa petroli ni karibu lita mbili. Lakini mteja wa kubadilisha betri halipi shilingi 24. Analipa pia betri, kituo, riba na faida ya mwenye kampuni. Kwa hiyo swali la pesa linageuka kuwa swali la umiliki.

Na hapa ndipo Embu na Meru wana historia yao wenyewe ambayo sijaona ikitajwa katika mazungumzo ya pikipiki za stima. Kabla ya mradi wa kusambaza stima vijijini ulioanza mwaka 2015, watu wengi mashambani waliwasha televisheni na redio kwa betri ya gari. Ikiisha, ilifungwa nyuma ya baiskeli ikapelekwa sokoni kwa mwenye chaja, ikaachwa, ikachukuliwa kesho yake kwa shilingi chache. Hiyo ilikuwa biashara ya kuchaji betri miaka mingi kabla ya mtu kuiita ubunifu.

Kuna walioenda mbali zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakazi wa Mbuiru katika wilaya iliyoitwa wakati huo Meru Kusini, leo Tharaka-Nithi, walijenga mtambo mdogo wa stima kwenye mto Tungu, kilowati 18 tu, kwa msaada wa shirika la ITDG. Familia kama 200 zilinunua hisa na kuchimba mfereji kwa mikono yao. Mradi ukaitwa Tungu-Kabiri. Stima ile haikutawanywa nyumba kwa nyumba. Ililetwa kituo cha biashara ndogo ndogo, na kuchaji betri kukawa moja ya kazi zake. Kilowati 18 katika saa 24 ni zaidi ya kilowati-saa 400. Kwa betri za pikipiki za leo, hata ukitoa upotevu, ungejaza zaidi ya 100 kwa siku.

Yaani watu wa hapa walikwisha kumiliki mto, mtambo na chaja. Kiwanda cha chai cha Imenti nacho kimejenga mtambo wake wa maji na kuuza ziada kwa gridi ya taifa. Kila mgongo wa mlima una kiwanda cha kahawa cha ushirika au kituo cha kupokea maziwa, na stima imefika. Maji ya Rupingazi yanayopita Embu hatimaye huingia Tana na kuzungusha mitambo ya Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, mabwawa yaliyokamilika kati ya mwaka 1968 na 1988. Stima yenyewe ni ya nyumbani. Kinachoweza kuwa cha mgeni ni betri.

Betri ya leo si sanduku bubu kama ya San Jose. Ina kompyuta ndogo ndani, ina laini ya simu, inaeleza mahali ilipo na imetumika vipi, na katika biashara ya kubadilisha betri mwenye mali anaweza kuizima akiwa mbali. Kuna sababu nzuri za kufanya hivyo: wezi wapo, na betri ni ghali. Lakini mimi ninayeandika programu kwa kazi yangu najua kwamba mstari mmoja wa maagizo kwenye seva hauoni kama mtu yuko bondeni Nithi usiku na mgonjwa nyuma yake. Unaona malipo yamechelewa au mtandao umepotea, basi. Joginder Singh aliweza kufungua Volvo yake kwa spana. Nani atafungua betri hii?

Tena betri ya kampuni moja kwa kawaida haiingii kwenye pikipiki ya nyingine. Mwaka 2021 Honda, KTM, Yamaha na Piaggio walikubaliana kutafuta betri ya aina moja ya kubadilishana. Wakubwa hao washindani waliona umuhimu wake. Kwetu ni muhimu zaidi, kwa sababu mji kama Runyenjes au Nkubu hauwezi kubeba vituo vya kampuni nne. Ukiwa na kituo kimoja cha kampuni moja, mwenye pikipiki amefungwa kwa bei yake. Mwaka 2008 serikali ilipoondoa kodi kwa pikipiki ndogo, boda boda zilienea kila kijiji kwa sababu petroli ya duka lolote iliingia kwenye tangi lolote, na fundi yeyote chini ya mti aliweza kuzitengeneza.

Kwa hiyo kama uko Embu au Meru na umeletewa karatasi ya mkopo wa pikipiki ya stima, uliza mambo manne kabla ya kutia sahihi. Betri ni ya nani? Naweza kuichaji kwangu? Mtandao ukipotea itaendelea kufanya kazi? Na kituo cha karibu kina betri ngapi kwa pikipiki ngapi? Lile la mwisho ndilo wanalolikwepa wauzaji, na ndilo lililoamua mbio za mwaka 2009. Ukipata namba mbili hizo, gawanya mwenyewe. Ikiwa jibu ni chini ya mbili kwa barabara hii ya mabonde, subiri kidogo, au nunua ile unayoweza kuchaji nyumbani.

Na kama wewe ni mwanachama wa ushirika wa kahawa, chai au maziwa, lipeleke jambo hili kwenye mkutano mkuu ujao. Chaja kumi na betri za kutosha kwenye kiwanda ambacho tayari kina stima, uzio na mlinzi si ndoto ya California. Mbuiru walianza na mto na majembe.

Haya, tukutane tena wakati mwingine. Safari njema, na uteremke Nithi polepole.